Kompresa na mashine ya moshi kwenye tangi la petroli

Unauliza kama upepo wa kompresa unafaa kusukuma moshi wa kutafutia uvujaji kwenye mfumo wa mvuke wa petroli, yaani ule unaonasa mvuke wa tangi usitoke nje. Hapo hapana, tumia naitrojeni. Hewa ina oksijeni. Ikikutana na mvuke wa petroli, cheche moja tu inatosha kuwasha moto. Presha nayo isizidi nusu psi hivi, maana ukiizidisha unapasua sili na mipira iliyokuwa mizima. Injini iwe imezimwa na imepoa. Usisahau kufunga vali ya kupumulia ya kanista (chombo cha mkaa kinachonasa mvuke), la sivyo moshi wote utatokea hapo na utaanza kubadilisha vipuri visivyo na kosa. Kisha mulika tochi kwa ubavu, taratibu, uone moshi unakovujia, ukianzia kwenye mfuniko wa tangi. Kwenye manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwenye silinda za injini), kompresa ni sawa, ila kwa presha ndogo vilevile.