Shangazi, mke wangu kocha amepata timu kubwa, anataka nimfuate

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa kumi na tatu naishi Ohio, Marekani. Mke wangu ni wa hukohuko, tuna watoto wawili. Yeye ni kocha mkuu wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu kwenye chuo kidogo. Mwaka huu timu yake iliingia yale mashindano yao makubwa ya mwezi wa tatu, sijui yanaitwaje, na baada ya hapo chuo kikubwa cha jimbo la kusini kikamwita. Mimi nilikuwa Tanga kwenye arobaini ya mjomba. Alinipigia saa tano usiku, nikamwambia tutaongea nikirudi. Nimerudi baada ya wiki tatu nakuta ameshasaini. Hakunishirikisha! Sasa anataka niache kazi yangu ya ghalani, nihamishe watoto, safari ya saa kumi na moja kwa gari. Wachezaji wake wanalia, wanasema amewasaliti. Na nyumbani watasema nimeolewa. Masanduku yake yako mlangoni tangu Jumapili. Nimpe sharti achague, mimi au timu?*
*Baba Wawili, Ohio*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa mjomba. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia namwona mkeo ndiye mwenye haki.

Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Unasema hakukushirikisha, na sentensi mbili nyuma umeandika kwa mkono wako kwamba alikupigia simu. Hebu tuhesabu saa. Majira haya Tanga iko mbele ya Ohio kwa saa saba. Saa tano yako ya usiku, kwake ni saa kumi jioni, siku ya kazi. Mwanamke ametoka ofisini, pengine amesimama kwenye korido au amejifungia ndani ya gari, ana jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake, na mtu wa kwanza aliyemkumbuka ni wewe. Ukamwambia tutaongea nikirudi. Katika wiki tatu hizo, ulimpigia wewe mara ngapi kumuuliza limefikia wapi? Hukuandika, nami nimekuelewa.

Kazi ile haingoji wiki tatu. Msimu wa vyuo vingi ukiisha mwezi wa tatu, vyuo vinaanza kuchukuliana makocha hapohapo, na aliyeitwa hupewa siku chache tu ajibu. Kwani siku hizohizo wachezaji nao wanahama vyuo. Kocha mpya akichelewa kufika, wale aliowategemea wameshachukuliwa, na anaanza msimu na viti vitupu. Mkeo angekungoja umalize arobaini, kazi ingekwenda kwa mwingine.

Limeniuma jambo moja dogo kuliko yote. Umeandika "sijui yanaitwaje". Mume wa kocha! Yanaitwa March Madness, mwanangu. Timu 68 nchi nzima, ukifungwa mchezo mmoja unarudi nyumbani. Kuna makocha wanaostaafu bila kuyaonja, mkeo amewafikisha huko mabinti wa chuo kidogo, na wewe uliyelala naye kitanda kimoja hujui hata jina la mashindano. Mimi niko huku, na nilianza kufuatilia kikapu cha vyuo vya Marekani tangu mtoto wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alipokuwa anachezea chuo cha Connecticut, akatoka pale mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwa wote wanaoingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko. Unamjua kocha wake? Jim Calhoun. Na Calhoun hakuanzia pale. Alitoka chuo cha Northeastern cha Boston, akahamia Connecticut mwaka 1986. Mtu huanzia padogo, akionekana anaitwa pakubwa. Dawn Staley, kocha wa mabinti kama mkeo, naye alitoka chuo cha Temple kwenda chuo cha South Carolina mwaka 2008, msimu wa kwanza akashinda michezo 10 na kupoteza 18. Leo ana ubingwa wa vyuo wa 2017, 2022 na 2024. Vyaelea vimeundwa. Lakini nataka uitazame hiyo 10 na 18, kwa sababu ndiyo inayomsubiri mkeo. Mwaka wake wa kwanza kule unaweza kuwa mchungu sana, na mtu anayepoteza michezo kumi na minane anahitaji kurudi kwenye nyumba yenye watu.

Kuhusu wachezaji wanaolia: machozi yao ni ya kweli. Mabinti wale walikaa sebuleni na wazazi wao, kocha akaja akawaambia njooni kwangu, wakamwamini. Kama amewaita wote, akawatazama usoni na kuwaambia mwenyewe, amefanya linalowezekana. Kama walisikia kwenye simu zao kwanza, hapo alikosea na awaombe radhi. Ila na wao siku hizi wana mlango wa kuhama, tena mpana. Na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza kila chuo kiliwekewa kikomo cha kama dola milioni 20.5 kwa michezo yake yote. Chuo kidogo hela hiyo kitaitoa wapi? Mkeo angebaki, huenda wachezaji wake bora wawili watatu wangemwacha yeye. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya machozi ya mabinti ambao, nina hakika, hata majina yao huyajui.

Tuje kwenye kidonda chenyewe, hilo neno "nimeolewa". Barua yote umeizungusha ili ufike hapo.

Mwaka 1984 marehemu mume wangu, mwalimu, alihamishwa kutoka Korogwe kwenda Songea. Nilikuwa na cherehani yangu na wateja wa sare za shule waliokwisha kulipa nusu. Nilirudisha hela za watu, godoro nikalifunga kwa kamba ya katani, mtoto mgongoni, tukaondoka. Hakuna aliyenicheka. Wala hakuna aliyeniuliza cherehani yangu itakuwaje, hata yeye mwenyewe, na hilo lilikaa kifuani mwangu miaka mingi. Mama zetu wote wameishi hivyo, wake wa askari, wake wa watu wa reli. Kufuata kulikuwa wema pale alipofuata mwanamke. Leo riziki imekuja kwa mkono wa mke, ghafla kufuata kumekuwa fedheha. Ndoa za siku hizi zinavunjikia hapa, nami naziona kila wiki kwenye barua zenu. Mwanaume anamwoa mwanamke msomi, anamsifia kwa rafiki zake, anakula matunda ya kazi yake, kisha kazi ikikua anaiona mume mwenza. Na mashangazi na mama wakwe tunachochea moto. Mimi nakataa kuchochea.

Kwa sababu najua uchungu wa kutoulizwa, sitaki nawe ufanyiwe. Kazi yako ya ghalani ni kazi, ina jasho lako. Kaa na mkeo usiku mmoja, watoto wamelala, umwambie hili linaniuma, na lile naliogopa. Kwanza anza kwa kumwomba radhi kwa ile simu. Usianze na kingine. Sharti usimpe, ukimwambia achague, tayari umeshamwacha.

Yeye atangulie sasa, timu inamsubiri. Wewe baki na watoto wamalize shule, wasikatwe katikati ya muhula, kisha mfuate. Muda huo uliza kazini kwako kama wana ghala upande ule. Na Tanga piga simu wewe mwenyewe, leo, kabla umbea haujakutangulia. Waambie wazee mkeo amepata kazi kubwa na mnahamia huko. Sema "mnahamia". Atakayecheka acha acheke, halipi yeye ada ya wanao.

Msimu wao unaanza mwezi wa kumi na moja. Mechi ya kwanza ya nyumbani nataka uwe umekaa pale na watoto, mnamwona mama yao akisimama mbele ya benchi.

Na hayo masanduku yaliyokaa mlangoni tangu Jumapili, mwanangu, ni mazito. Yapeleke garini wewe.