Usiku bweni lilipoungua sikuwa na orodha ya majina

Mdogo wangu, umeuliza kama shahada ya ustawi wa jamii inakutosha, wewe unayekwenda kuanza kazi shule ya bweni, siku likitokea janga. Haitoshi. Nimefanya kazi hiyo miaka tisa, nakujibu kwa yaliyonipata.

Mwaka wangu wa pili bweni la wasichana lilishika moto saa nane usiku. Hakufa mtoto, Mwenyezi Mungu alitunusuru, ila wawili waliungua mikono. Chuoni nilifundishwa kukaa na mtoto mmoja, chumba kimetulia, yeye anaongea na mimi nasikiliza. Usiku ule walikuwa zaidi ya mia uwanjani, wengine wamezirai, na kila mtu mzima aliyefika aliuliza swali moja tu: wametoka wote? Hakuna aliyejua. Rejista ilikuwa chumbani kwa matroni, nacho kinawaka. Kuna waliohamia vitanda vya rafiki zao, kuna waliopewa ruhusa Ijumaa, kuna mgonjwa aliyelazwa zahanati. Tulihesabu mara nne tukapata idadi nne. Wazazi wa karibu nao walishaanza kuchukua watoto wao gizani bila kumwambia mtu. Hesabu kamili tuliipata kumeshapambazuka.

Ndiyo maana Septemba 2024, bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri, Kenya, lilipoungua na wavulana 21 wakafariki, niliumia zaidi niliposikia serikali inasema watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi walikuwa hai, wamechukuliwa na wazazi au wamehifadhiwa na majirani. Fikiria mzazi anayesubiri getini wakati huo.

Kosa lililofuata ni langu. Asubuhi niliwaketisha duara, nikataka kila mmoja asimulie alichokiona. Nilidhani nawatua mzigo. Waliolala upande wa mbali, ambao hawakuona hata cheche, wakabeba picha za wenzao, na usiku wa tatu nao wakaanza kupiga mayowe usingizini. Baadaye sana, kwenye semina, nikajua kwamba Shirika la Afya Duniani halishauri kumsukuma mtu asimulie mkasa mara tu baada ya tukio. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni kuangalia, kusikiliza na kumuunganisha mtu na watu na msaada anaouhitaji. Mpe khanga ajifunike, mpe maji, mpe simu aongee na mama yake, mweleze kwa ukweli kilichotokea. Anayetaka kusema atakutafuta mwenyewe. Kosa hilo la duara bado linanichoma.

Halafu jiandae kwa wiki ya tatu. Viongozi wameshatoa pole na kuondoka, magodoro mapya yameletwa. Siku moja upepo ulileta moshi wa kuni kutoka jikoni, kidato cha kwanza wakaruka nje kupitia madirishani. Wiki hiyohiyo niliambiwa niache kuwatoa watoto darasani kwa sababu mitihani imekaribia. Na matroni, aliyevunja mlango kwa mikono yake, hakuna aliyemuuliza analalaje, hata mimi sikumuuliza.

Majanga mengine hayana moshi. Mtoto akibakwa, dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo usiruhusu kikao cha walimu kimalize siku mbili kinajadili jina la shule. Jua mapema nani ana gari usiku, hospitali ipi ina dawa hizo, nani yuko Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto ibandike hadi vyooni.

Ukiripoti kazini, kabla ya kudai ofisi ya unasihi, mwombe mkuu wa shule mambo mawili: ujulikane mtu mmoja wa kuzungumza na wazazi siku ya shida, na orodha ya waliolala isikae bwenini. Yangu sasa inakaa kwa mlinzi getini. Matroni anaipeleka mpya kila usiku baada ya prepu, hata mvua ikinyesha.