Pima uvungu kabla ya kununua roboti ya kufagia

Roboti yangu ya kwanza ilifanya kazi dakika 11, ikakwama. Iliingia uvunguni mwa kochi kwa madaha, ikafika katikati, ikanyamaza, halafu ikaanza kulalamika kwa sauti ya kike kwamba inahitaji msaada. Nililala kifudifudi nikaivuta kwa mpini wa ufagio. Ufagio uleule niliokuwa nimeutafutia mrithi.

Kosa halikuwa la mashine. Wiki mbili nzima nilikuwa nikilinganisha nguvu za kufyonza, hii paskali 4,000, ile 6,000, wala sikutenga dakika tano kuipima nyumba ambamo ingefanyia kazi. Siku hizi mtu akiniuliza achukue ipi, namuuliza kwanza: kochi lako limeinuka sentimita ngapi kutoka sakafuni?

Roboti nyingi zinazotumia leza kuona njia zina kikofia kinachozunguka juu ya mgongo, na ukihesabu kikofia hicho kimo chake huwa kati ya sentimita 9 na 10. Zisizo na kikofia ni fupi zaidi. Chukua futi kamba, pima chini ya kitanda, kochi na kabati, kisha pima tena mtu akiwa ameketi juu ya kochi. Hilo la pili nililijua kwa kuumia. Kochi langu likiwa tupu lilipitisha roboti vizuri, lakini mtu mzima akikaa mbao zinashuka kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuibana. Jiachie nafasi ya sentimita moja hivi. Fanicha iliyo chini kabisa, ambayo roboti haiwezi hata kuingiza pua, haina tatizo. Yenye tatizo ni ile inayokaribia kuipitisha.

Baada ya hapo nenda kwenye vizingiti. Roboti nyingi hupanda kama sentimita 2, basi. Kizingiti cha chumbani kwangu kina sentimita 2.5, kwa hiyo kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiibeba mkononi kama mtoto mchanga kuivusha, mpaka nilipochonga kipande cha mbao chenye mteremko nikakiweka mlangoni. Sikuhitaji kununua kitu. Ila ningejua mapema, ningetafuta aina inayopanda zaidi.

Zulia nalo lina visa vyake. Chini ya tumbo la roboti kuna sensa zinazopiga mwanga wa infraredi sakafuni na kusubiri urudi. Mwanga usiporudi, roboti huamini imefika ukingoni mwa ngazi na kurudi nyuma. Ni kinga nzuri, isipokuwa rangi nyeusi humeza mwanga huo. Zulia langu lina mistari myeusi, na kwa roboti kila mstari ulikuwa shimo. Ilikuwa ikifika pale, inasita, inageuka, inajaribu upande mwingine, mpaka unaihurumia. Kuna watu huziba sensa hizo kwa karatasi na gundi. Kama nyumba yako ina ngazi, usithubutu. Mimi nilihamisha zulia. Zile nyuzi zinazoning'inia pembezoni mwa zulia pia huviringika kwenye brashi, hivyo zikunje kwa ndani.

Ukishaijua nyumba, ndipo uulize roboti inajuaje njia. Roomba, iliyotoka mwaka 2002 ikawafanya watu wengi waizoee mashine ya namna hii, ilikuwa ikizungukazunguka na kugonga vitu bila ramani. Ilisafisha, lakini kwa bahati: hapa ilipita mara nne, pale haikupita kabisa. Bado zipo za rahisi zinazokwenda hivyo, na kwa chumba kimoja kisicho na vitu vingi zinafaa. Zinazotumia jairoskopu, yaani kihisi kinachojua roboti imegeuka kiasi gani, hutembea kwa mistari, ila ukiiinua na kuiweka kwingine hupotea. Zinazotumia kamera kuona njia zinahitaji mwanga, kwa hiyo usitarajie zifagie vizuri usiku taa zikiwa zimezimwa. Leza haijali giza, huchora ramani ya nyumba mapema, na unaweza kuiagiza isafishe jikoni tu. Kama una vyumba vitatu au zaidi, ningelipia leza kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Udhaifu wake ni kwamba inatazama kwa usawa wa kikofia, hivyo waya wa chaja uliolala sakafuni hauoni. Inaumeza. Vioo virefu vinavyofika sakafuni pia huichanganya, wakati mwingine ikachora chumba ambacho hakipo.

Zile paskali nilizohangaika nazo? Zinapima nguvu ya kufyonza, hazipimi uchafu unaotoka sakafuni. Kwenye vigae au saruji laini, roboti ya wastani inaokota vumbi na makombo bila shida. Kwenye zulia nene nguvu inasaidia, lakini brashi ndiyo inayochimbua. Kwa nyumba yenye nywele ndefu au paka, tafuta brashi ya mpira badala ya ile ya manyoya, maana ya manyoya utakuwa unaichana kwa mkasi kila baada ya siku chache.

Kupiga deki sikuchukulii kwa uzito. Nyingi za bei ya chini huburuta kitambaa chenye unyevu tu, na doa la chai lililokauka hubaki palepale likiwa limelainika. Zenye vitambaa vinavyozunguka au kutikisika ni bora zaidi, mradi ziweze kuvinyanyua zikipanda zulia. Kituo cha kuchajia kinachofyonza chenyewe taka kutoka kwenye roboti ni raha kweli, ila kina kelele, kinakula nafasi, na mara nyingi kinadai mifuko ya kubadilisha.

Kuhusu kamera, fikiri. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review liliripoti kwamba picha zilizopigwa na roboti za majaribio ndani ya nyumba za watu, mojawapo ikiwa ya mwanamke akiwa chooni, zilifika kwenye makundi ya mitandao ya kijamii ya wafanyakazi walioajiriwa kuandika majina ya vitu vinavyoonekana kwenye picha hizo. Watu waliokuwa na roboti hizo nyumbani walikuwa wamekubali kurekodiwa, lakini sidhani kama walitegemea hilo. Mimi nilichagua isiyo na kamera. Hakikisha pia ina kitufe cha kuiwasha bila simu, na kwamba ruta yako inatoa waifai ya masafa ya 2.4 GHz, kwani roboti nyingi hazishiki masafa mengine. Jioni nzima niliipoteza hapo, nikidhani nimeuziwa mbovu.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji mpaka uwaulize ni vipuri. Kichujio, brashi ya pembeni na betri vitachakaa, na roboti nzuri isiyopatikana kichujio ni pambo la sebuleni. Kabla ya kulipa, tafuta vitu hivyo vitatu kwa jina kamili la modeli, uone kama vinauzwa mahali unapoweza kuvifikia. Igeuze uangalie mlango wa betri: kama umefungwa kwa skrubu za kawaida, utaibadilisha mwenyewe.

Kwa anayeishi chumba kimoja chenye vitu vingi sakafuni, nisingemshauri anunue kabisa. Muda wa kuokota viatu, waya na midoli ili mashine ipite ni uleule wa kufagia. Na mimi mwenye vyumba vinne ufagio sijautupa. Roboti yangu ni ya duara, pembe za kuta hazifikii, na kila Jumamosi nazimalizia kwa mkono.