Jibu: Kusoma digrii ukiwa kazini

Dada, umeuliza utawezaje digrii ya uuguzi huku ukifanya zamu za usiku hapa Kisumu. Usingoje likizo. Mimi nilianza na daftari dogo la mfukoni: kila zamu naandika swali moja lililonishinda wodini, nalitafutia jibu kwenye kitabu, kisha baada ya siku tatu najiuliza tena daftari likiwa limefungwa. Hapo ndipo somo hukaa. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau upesi tusiporudia.

Ukienda Chuo Kikuu cha Maseno kuulizia, beba matokeo yako ya diploma, uulize kama masomo uliyokwisha kufanya yatahesabiwa. Na tafadhali, tafuta mwenzako wa kusoma naye. Peke yako utachoka, nakuambia kwa uchungu.