Jibu: Nina kisukari na mandazi ya jioni yananishinda

Dada, umeuliza kama yale mandazi manne ya jana pale steji yameharibu kila kitu. Hapana. Pole sana, na usijichukie. Mimi pia nina kisukari cha aina ya pili, huu mwaka wa sita, na naishi Kondele, hapa Kisumu, ambako harufu ya mandazi na chipsi inakungoja kila kona ukitoka kazini.

Nilikuja kugundua hamu hiyo hunishika zaidi siku nilizoruka chakula cha mchana. Sasa nabeba njugu karanga zisizo na chumvi, konzi moja tu, nazila kabla sijashuka matatu. Nikilitaka andazi nanunua moja, na chai bila sukari, kisha natembea hadi nyumbani badala ya kupanda boda. Misuli ikifanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu.

Tafadhali usiruke mlo ili kufidia, wala usijiongezee dawa. Ila ukianza kutetemeka na kutoka jasho, hiyo si hamu, huenda sukari imeshuka mno: ipime. Mashine ikionyesha chini ya 4 (mmol/L), au chini ya 70 kwa mashine zinazopima kwa mg/dL, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15.