Hiyo drafti ya mikanda: igeuze kabla hujalipa

Dada, usilipe! Kama umeshafika Biashara Street, mwambie muuzaji akugeuzie kitambaa uone upande wa ndani.

Umeuliza kama drafti nyekundu, hicho kitambaa cha miraba, itafaa kwa mikanda ya kutenganisha viraka vya mfarishi wa bintiyo, na bitana iwe rangi gani. Itafaa, hupendeza mno. Lakini ipo drafti ya kufumwa na ipo ya kuchapwa, na hapo ndipo nilipoingizwa mkenge.

Ya kufumwa, nyuzi zenyewe zina rangi, vile kikoi kilivyo: ukigeuza ni kilekile, na mstari ndio uzi. Ya kuchapwa, kitambaa kimefumwa kwanza, mistari ikapigwa juu baadaye. Kikipita mashineni kimekaa upande, mistari inakwenda kwake na nyuzi zinakwenda kwake. Mara nyingi upande wa ndani umepauka.

Sasa muuzaji, mtu mzima na tepu yake shingoni, akaniambia: "Mama, drafti haina kazi, fuata mstari tu, hata chaki huhitaji." Nami nikafuata! Mikanda ya kitanda cha sita kwa sita, mizuri kwa macho, kumbe yote nimeikata upogo kidogo, si sambamba na nyuzi. Upogo unavutika, dada. Cherehani inavuta, pasi inavuta, na nikiunganisha naona mkanda umezidi viraka kwa kidole kizima. Naukunyanza, najiambia utakaa. Ukae wapi! Tulipoutandika, mfarishi uliumuka katikati na pembeni ukapiga mawimbi kama bahari ya kusi. Mama mkwe akauliza kama kuna paka chini yake. Nikamwambia wako wawili.

Kufumua nilifumua, nikabaki na matambara yenye matundu ya sindano. Yule bwana nilipomrudia akasema eti cherehani yangu ndiyo mbovu. Cherehani ya marehemu mama, iliyoshona mabuibui ya mtaa mzima! Wallahi nilitoka dukani bila kuaga.

Kwa hivyo chukua mkasi, chanja ukingo kidogo, vuta uzi mmoja utoke. Ukiacha njia iliyokwenda sambamba na mstari, lipa. Njia ikihama mraba, hata akikupa kwa nusu bei, muachie. Nyumbani fua kwanza, maana pamba hurudi, na hiyo nyekundu ikichujia juu ya viraka vyeupe utalia. Kata tabaka moja moja, kwani ukikikunja mistari ya chini hailingani na ya juu. Na mkanda usiuambaze tu pembeni ukaukata ulipoishia: pima safu ya viraka katikati, urefu huo ndio wa mikanda yote.

Bitana weka rangi uipendayo. Lakini uzi uvute palepale dukani, yeye akiona.