Kupiga nyota Kitulo: vipimo vya Tromsø viache Tromsø

Wengi wanaoanza kupiga taimulapsi za usiku (picha nyingi za mfululizo zinazounganishwa kuwa video) huku Nyanda za Juu Kusini hujifunzia kwenye video za aurora, ile mianga ya rangi angani, za Norway na Iceland, kisha hupanda hifadhi ya Kitulo na vipimo vilevile vya kamera. Picha zinatoka nyeusi, na lawama inaangukia kamera.

Aurora ni mwanga unaotokana na chembe zenye chaji kutoka kwenye jua. Usumaku wa dunia huziongoza hadi karibu na ncha, zikagonga hewa kwenye kimo cha kilomita 100 na zaidi. Oksijeni ikigongwa hutoa ule ukijani. Pazia lake linapocheza kwa kasi, mpigaji wa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway, hufungua shata (pazia la kamera linaloingiza mwanga) sekunde 3 hadi 6 tu, maana akizidisha mikunjo yote inavurugika. Mbeya iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Huku unapiga Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, ambao hauchezi ila ni hafifu, hivyo unataka shata ikae wazi zaidi, pamoja na ISO 3200 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na tundu la lenzi f/2.8 au pana kadiri lenzi yako inavyoruhusu.

Ikae wazi kwa muda gani? Gawanya 300 kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Lenzi ya milimita 18 kwenye kamera ya sensa ndogo (APS-C) ni sawa na 27 (18 mara 1.5), kwa hiyo sekunde 11. Ukizidisha, nyota zinakuwa vijiti. Lakini kasi ya nyota hailingani kila upande. Zinazopita karibu na utosi wetu ndizo zinazokimbia kuliko zote. Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba upande wa kusini, inakwenda kwa nusu ya kasi hiyo. Ukiielekea Salibu, sekunde 20 zinavumilika.

Halafu kuna ukijani unaowachanganya watu. Unafungua picha nyumbani, unakuta utando wa kijani juu kidogo ya upeo wa macho, na kabla chai haijapoa umeshatangaza kwamba umenasa aurora Makete. Hapana. Ni mng'ao wa angahewa: oksijeni ileile, kwenye kimo cha kilomita 95 hivi, ikitoa usiku nishati iliyopokea kwenye jua mchana. Upo duniani kote kila usiku, ila taa za mji huumeza. Ukiuona, ujue umepata anga safi. Unapohariri usiufute wote. Kwenye kamera, weka mizani ya rangi (white balance) kwa mkono kwenye Kelvin 4000 na uiache hapo, kwa sababu rangi ya otomatiki hubadilika fremu hadi fremu na video inapepesa.

Hesabu ya fremu ifanye kabla hujatoka. Sekunde 10 za video kwa fremu 25 kila sekunde ni picha 250. Shata sekunde 11 na pumziko la sekunde 2 ni kama dakika 54 za kukaa baridini, na faili za RAW (picha ghafi za kamera) za megabaiti 25 zitakula zaidi ya gigabaiti 6 za kadi. Zima kipunguza chenga (long exposure noise reduction) cha picha zinazochukua sekunde nyingi. Kikiwa kimewashwa, kamera hupiga picha nyeusi ya muda uleule baada ya kila fremu, na kwenye video nyota zitakuwa zinaruka. Fokasi iweke kwa mkono: kuza nyota angavu kwenye kioo hadi iwe nukta, kisha bandika pete ya lenzi kwa utepe.

Katikati ya Juni kiini cha Njia Nyeupe kinafika juu kabisa karibu saa saba usiku. Mwanzoni mwa Septemba ni saa mbili usiku. Juni na Julai anga ni safi kuliko Septemba, kwani moshi wa kuchoma mashamba unakuwa haujaanza kutanda, ila Kitulo hushuka sakitu. Betri iliyodumu saa tatu mjini inaweza kuzima mapema sana huko. Za akiba zikae mfukoni, karibu na mwili. Umande ukishika lenzi usiufute katikati ya kazi, utaisogeza kamera. Ivishe lenzi mkanda wa joto unaotumia pawabenki tangu mwanzo. Ukirudi ndani, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, la sivyo maji yatatonea ndani ya lenzi.

Kulala hifadhini kunataka kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ukipigia kijijini, mwone mtendaji mchana. Tochi zinazozunguka shambani saa nane usiku huwatoa watu nje na mapanga.